Vijiti kumi na tisa, mtoto mmoja

(Hotuba niliyoitoa Dar es Salaam siku ya mwisho ya Februari, Siku ya Magonjwa Adimu, mbele ya wauguzi, makarani wa takwimu, madaktari wanafunzi na wazazi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Kipaza sauti kilizima mara mbili, kwa hiyo waliokaa nyuma watakuta humu maneno ambayo hawakuyasikia.)

Itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Akina mama mlio na watoto mgongoni, sogeeni mbele huku, kuna feni.

Nimeombwa nizungumzie daftari la taifa la wagonjwa waliozaliwa na hitilafu za kinga ya mwili. Nitafika huko. Nianze na mfuko wa rambo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana katika hospitali ambayo sitaitaja, alikuja mama mmoja na mtoto wa kiume wa miezi tisa. Nimonia, tena ya tatu. Mama alikuwa na mfuko mweusi wa rambo umefungwa fundo, na ndani yake kadi za kliniki tatu. Nikachukua ya juu, ya huyu mgonjwa. Nikamuuliza hizo nyingine za nini. Akasema, "Za kaka zake, daktari." Nikamrudishia. Nje foleni ilikuwa imefika mlango wa maabara na mimi nilikuwa na haraka.

Mtoto alifariki wiki ya pili yake. Mama yake alipokuja kuaga, muuguzi wa zamu, mama mtu mzima ambaye sisi madaktari vijana tulikuwa tunamwogopa, alimkalisha, akamwomba ule mfuko, akazitandaza kadi tatu juu ya meza ya dawa. Akaniita. Hakusema kitu, aliweka tu kidole. Kadi tatu, wavulana watatu. Mstari wa uzito wa kwanza ulipanda vizuri ndani ya njia ya kijani hadi mwezi wa sita hivi, kisha ukalala, kisha ukashuka. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Ungeziweka kadi zile moja juu ya nyingine ukazielekeza dirishani, mistari ingepitana kama ni mmoja. Kisha akamuuliza mama swali ambalo mimi sikufundishwa chuoni: "Na wewe mwenyewe, mama, kaka zako wako wangapi?" Akajibu: "Wako wawili. Wengine wawili walikufa wadogo."

Mpaka leo sijui ugonjwa ule uliitwaje. Hakuna aliyepima, na mimi sitasimama hapa niwape jina la kubuni. Ila najua kwamba mtoto huzaliwa na kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, alizopewa na mama yake tumboni, na kwamba hizo huisha taratibu katika miezi ya mwanzo. Kama mwili wake hauwezi kutengeneza za kwake, hapo kwenye mwezi wa sita ndipo mstari unapolala. Na najua kwamba baadhi ya hitilafu hizi hukaa kwenye kromosomu eksi: mama huibeba yeye akiwa mzima wa afya, wanaougua ni watoto wa kiume. Ndiyo maana yule muuguzi aliwaulizia wajomba. Alikuwa hajasoma jenetikia, alikuwa amekaa wodini miaka thelathini.

Kila kitu ambacho daftari la taifa linatakiwa kujua kilikuwa ndani ya ule mfuko. Mimi niliurudisha.

Sasa nendeni nami Washington, mwaka 1952. Katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed kulikuwa na daktari wa watoto, Kanali Ogden Bruton. Alikuwa na mgonjwa wake, mvulana wa miaka minane, ambaye ndani ya miaka minne vijidudu vilimwingia kwenye damu mara 19. Mara kumi na tisa! Bruton akaipitisha damu ya mtoto yule kwenye kipimo kipya cha wakati ule cha kutenganisha protini. Sehemu inayobeba kingamwili haikuwepo kabisa. Akaanza kumchoma kila mwezi kingamwili zilizotolewa kwenye damu za watu wengine, na yale maradhi ya mfululizo yakakoma. Makala aliyoichapisha mwaka huo ndiyo iliyofungua taaluma nzima. Jeni yenyewe ilikuja kupatikana mwaka 1993, na inabeba jina lake.

Nataka tujiulize: mtoto yule angeletwa kwenye kituo chetu cha afya, vitabu vyetu vingemwandikaje?

Mnaijua MTUHA, ule mfumo wetu wa kuandika na kuripoti takwimu za vituo vya afya. Makarani mliopo hapa mnaijua kuliko mimi. Mgonjwa akija, anaandikwa kwenye kitabu, na mwisho wa mwezi mnakaa na vijiti: nimonia vijiti vinne na mkato, kuhara vijiti vinne na mkato, jumla, ripoti wilayani. Ni kazi njema na nchi inaendeshwa kwa kazi hiyo. Lakini vijiti vinahesabu ugonjwa. Mtoto wa Bruton angepata vijiti 19, vingine Machi, vingine Agosti, vingine kwenye kituo kingine kabisa maana mama amehamia kwa dada yake. Kwenye ripoti ya mkoa angeonekana kama watoto kumi na tisa tofauti waliougua mara moja moja, na kila mmoja akapona. Hapo takwimu zinasema tunafanya vizuri.

Daftari la wagonjwa linahesabu mtu. Mtu mmoja anapewa mstari wake, na mstari ule haufungwi mwisho wa mwezi. Haufungwi hata akipona nimonia ya kumi na tisa. Unafuatwa mwaka hadi mwaka, mpaka awe babu au mpaka afariki, na pembeni yake panaandikwa ndugu zake. Tofauti ni hiyo tu. Mengine yote, kompyuta, seva, mikutano ya hotelini, yanakuja baadaye, na wakati mwingine yasipokuja ni heri.

Wenzetu wamefanyaje? Ulaya chama cha wataalamu wa fani hii kilianzisha daftari la pamoja mwaka 1994, leo lina wagonjwa zaidi ya 30,000. Ufaransa wana kituo chao pale hospitali ya Necker, Paris, tangu 2005. Iran walianza 1999. Sitawachosha kwa orodha, maana hayo mnaweza kuyasoma wenyewe. Nataka nikae kidogo kwenye mfano mmoja, kwa sababu huo ndio ulionigeuza mimi.

Kuna ugonjwa ambao chembe nyeupe za damu zinamkamata kijidudu, zinammeza, halafu basi. Zinakosa kemikali ya kumuulia. Kijidudu kinakaa mle ndani kama mpangaji asiyelipa kodi. Mtoto anapata majipu kwenye ini, matezi yanavimba na kupasuka, kuvu inaota mapafuni. Ni ugonjwa adimu kweli: Marekani wanakadiria mtoto mmoja katika kila vizazi hai 200,000 hadi 250,000. Daktari wa Boston anaweza kufanya kazi mpaka astaafu akaona wawili au watatu. Na ukiona wawili, unajua nini? Mmoja alikufa, mmoja yupo. Hiyo ni habari ya msiba, haijawa elimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaamua kuwaandika wote nchi nzima. Mwaka 2000 wakatoa ripoti ya wagonjwa 368. Hapo mambo yakaanza kusema yenyewe. Kumbe aina inayopita kwa mama ni kali zaidi na hugundulika mapema, kama miaka mitatu, na ile inayorithiwa kwa baba na mama wote wawili hugundulika karibu miaka minane. Kumbe kinachoongoza kuua ni kuvu moja, aspajilasi, ile inayopatikana kwenye majani yaliyooza na vumbi la mbolea. Fikirini maana yake kwa mzazi. Maana yake unamwambia mama: mtoto huyu asicheze kwenye lundo la takataka za bustani, asifagie zizi, asilale karibu na mahindi yaliyoota ukungu. Ushauri wa bure kabisa, hauhitaji dawa ya kuagiza nje. Lakini hakuna hospitali moja ambayo ingeweza kuutoa kwa uhakika huo, kwa sababu hakuna hospitali moja iliyokuwa na wagonjwa wa kutosha kuhesabu vifo.

Nikirudi nyumbani, hapa Tanzania wanazaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Kwa makadirio yale yale ya Marekani, na sioni sababu ya sisi kuwa pungufu, tungetegemea watoto kama kumi kila mwaka wenye ugonjwa huu mmoja tu. Na huu ni mmoja kati ya hitilafu 485 zilizoorodheshwa na wataalamu wa kimataifa mwaka 2022. Wale kumi wa mwaka jana wako wapi? Hawakukosa kuzaliwa. Wameingia kwenye vijiti vya nimonia, vya utapiamlo, vya kifua kikuu, na wengine wameingia kwenye vijiti vya "kafika akiwa amefariki".

Kuna watu huniambia, daktari, hayo ni magonjwa ya Wazungu. Nawapeleka Tunisia, si mbali, ni bara letu. Watunisia walipotoa ripoti ya daftari lao la miaka 25, kuanzia 1988 hadi 2012, walikuwa na wagonjwa 710. Nchi yao ina watu kama milioni 11. Sisi kwa sensa ya 2022 ni 61,741,120. Piga hesabu ya dukani tu, unapata karibu 4,000. Sasa mimi si mtu wa kuwapotosha: kwao ndoa za ndugu kwa ndugu ni nyingi, na hitilafu zinazorithiwa pande mbili zinaongezeka hapo. Basi gawa kwa nne. Bado ni watoto 1,000. Tuliowaandika hawafiki hapo hata kwa mbali.

Na hilo la ndoa za ndugu, wenzangu wa pwani msiniangalie hivyo, mnajua tunavyosema binamu nyama ya hamu. Kule Maskati, Oman, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walipochapisha wagonjwa wao wa miaka mitano ya mwanzo walikuwa 64, na kundi lililoongoza ni hilo hilo la chembe zinazomeza vijidudu. Kuna familia ngapi Unguja na Pemba zenye bibi mmoja kule na mjukuu mmoja huku? Mtoto wa kule ameandikwa, mtoto wa mjomba wake wa huku ana vijiti. Sisemi watu wasioane. Nasema daktari wa Maskati akiuliza "mna jamaa Zanzibar?" pawepo upande huu mtu wa kupokea simu.

Nije kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, nalo ni neno.

Mnajua UKIMWI ni kifupi cha nini. Upungufu wa Kinga Mwilini. Sasa wewe muuguzi umempata mtoto, umempima, unamkalisha mama na baba unawaambia kwa upole, "Mtoto wenu ana upungufu wa kinga mwilini." Umesema nini? Umesema UKIMWI, tena kwa kirefu! Nimeona baba akisimama na kutoka nje kabla sentensi haijaisha. Nimeona mama akipelekwa kwao. Kipimo cha virusi kimetoka hasi mara tatu, lakini neno limeshatoka mdomoni na halirudi.

Na lina upande wake wa pili. Kwa sababu tuna miundombinu mizuri ya UKIMWI, mtoto mwenye utando mweupe mdomoni, kuhara kusikoisha na nimonia za kurudiarudia anapimwa virusi, ndivyo inavyotakiwa. Majibu yakija hasi, wote tunashusha pumzi. Mama analia kwa furaha. Faili linafungwa. Wakati ule hasi ndipo faili lilipaswa kufunguliwa! Kitu kimeharibu kinga ya mtoto huyu na virusi havimo. Basi ni nini? Ningependa wanafunzi mliopo hapa mtoke na hilo moja tu: hasi siyo jibu, hasi ni mwanzo wa swali la pili. Na swali la pili mara nyingi tayari lina jibu mkononi mwenu, kwenye kile kipimo cha picha kamili ya damu mnachokiita efu-bi-pi. Mnatazama wingi wa damu, mnatazama jumla ya chembe nyeupe, karatasi inaingia faili. Shukeni mstari mmoja chini, tazameni limfosaiti, ile aina ya chembe nyeupe inayobeba kinga. Mtoto mchanga akiwa nazo chini ya 2,500 kwa maikrolita na hana sababu inayoeleweka, mpigie mkubwa wako simu siku hiyo hiyo, usingoje raundi ya Jumatatu. Na mtoto aliyeugua masikio na kifua mara zote hizo, mwambie afumbue mdomo, tafuta tonsili. Asipokuwa nazo, na hakuna aliyezikata, umeona kitu ambacho mashine ya mamilioni ingekuonyesha.

Kwa hiyo daftari letu tusiliite la upungufu wa kinga. Mimi napendekeza "hitilafu za kinga za kuzaliwa nazo". Ni refu, najua. Karani atalifupisha. Ila asilifupishe kwa herufi zitakazosomeka vibaya kwenye jalada la faili ambalo mama anapita nalo koridoni.

Je, tunaweza? Hapa naomba wale wanaosema sisi Waafrika hatuwezi kutunza kumbukumbu wanisikilize vizuri. Kampala wamekuwa wakiandika wagonjwa wa saratani tangu 1951. Elfu moja mia tisa hamsini na moja! Wakati Bruton hajachapisha makala yake, Kampala walikuwa na daftari. Ilipokuja janga la UKIMWI na saratani ya ngozi ya Kaposi ikapanda, Uganda waliweza kusema imepanda kiasi gani, kwa sababu walijua ilikuwa wapi kabla. Na hapa hapa Muhimbili, mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwaandika na kuwafuata wagonjwa wa siko seli. Wakapita 5,000, wakawa miongoni mwa makundi makubwa duniani yanayofuatwa mahali pamoja. Mwaka 2017 kazi ile ikazaa ushirikiano na Ghana na Nigeria, makao hapa. Siko seli si adimu kwetu, ni kweli. Lakini kazi ni ile ile: mtu, namba, simu ya ndugu, tarehe ya kurudi. Watu wanaojua kuifanya wako umbali wa daladala moja kutoka nilipo.

Ninavyoona mimi, kinachoua madaftari si ukosefu wa kompyuta. Ni kukosa mtu wa kupiga simu. Nimeyaona yakizinduliwa kwa keki na fulana, na tovuti yenye picha ya mtoto anayecheka. Mradi ukiisha yule binti aliyekuwa anapiga simu kwa wazazi anaachishwa, na tangu hapo wagonjwa wote wanabaki "hai" milele, maana hakuna wa kuuliza. Nikipewa fedha za kuchagua kati ya mfumo mpya na mshahara wa binti huyo kwa miaka kumi, nitamchukua binti.

Kiandikwe nini? Kidogo. Daftari la Ulaya lina ukurasa wa kwanza mfupi ambao kila mgonjwa lazima awe nao, na kurasa za ndani ni kwa wenye nafasi. Sisi tuanze na ukurasa wa kwanza. Namba ya mgonjwa badala ya jina. Mwaka wa kuzaliwa, jinsia, wilaya. Tarehe alipoanza kuugua, na tarehe tulipogundua. Hizi mbili msizikose, kwa sababu ukitoa moja kwa nyingine unapata idadi ya miezi tuliyomchelewesha, na hiyo ni hukumu yetu sisi, si ya mzazi. Anatibiwa na nini. Yu hai? Na safu ya ndugu: kaka na dada, wazima na waliofariki, na wajomba.

Kwenye safu hiyo ya wajomba nawaomba muwe na adabu. Ukimuuliza mama kuhusu kaka zake waliokufa mbele ya mkwe wake, umemtia matatani. Jioni watasema mkosi umetoka kwao. Muulize peke yake, mwambie hili halina kosa la mtu, na andika kwa namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana, na ni vizuri itubane: ridhaa ya mzazi, kusudi linaloeleweka, ufunguo wa namba na majina ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Familia ikikataa, mtoto anatibiwa sawasawa na aliyekubali. Nisije nikasikia vinginevyo.

Kuna mzazi pale nyuma anatikisa kichwa, najua anachofikiri: mniandike ili iweje, dawa hamna. Mama, una haki. Dawa yenyewe, kingamwili za kuongezewa, ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Inatengenezwa kwa plazma ya maelfu ya wachangiaji, kwa hiyo ni ghali na haipatikani kwa kukurupuka. Lakini Bohari ya Dawa hawaagizi kwa kuona huruma, wanaagiza kwa maoteo, na maoteo yanataka idadi. Mtoto wa kilo kumi anahitaji kama gramu tano kwa mwezi, sitini kwa mwaka. Tukipeleka barua inayosema "kuna watoto wanateseka", itajibiwa kwa heshima. Tukipeleka karatasi yenye watoto 40, uzito wao, na gramu zao za mwaka mzima, hapo mfamasia ana kitu cha kujumlisha.

Nigusie chanjo, kisha nimalize, na nisikilizwe vizuri, nisije nikanukuliwa kwenye kundi la wasapu kinyume. Chanjeni watoto wenu. Chanjo ya kifua kikuu wanayopewa wakizaliwa na matone ya polio yameokoa watoto wasiohesabika. Ila zote mbili zina kijidudu hai kilichodhoofishwa, na mtoto aliyezaliwa bila kinga anaweza kushindwa hata na hicho dhaifu. Kidonda cha begani kinakataa kupona, tezi la kwapa linavimba na kuenea. Kwa hiyo familia yenye mstari kwenye daftari, mtoto wa pili anapozaliwa, mkunga anajua: subiri kwanza, tumpime huyu. Uingereza kulikuwa na mtu mwenye hitilafu ya namna hii aliyeendelea kutoa virusi vya polio vilivyotokana na chanjo kwa miaka 28. Nchi zinazotaka kuitokomeza polio zinahitaji kujua watu hao wako wapi, ili wasaidiwe. Na wale wanaochukua tone la damu ya kisigino kwenye karatasi kupima virusi vya watoto wachanga, jueni kwamba karatasi ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa na jimbo la Wisconsin mwaka 2008 kuanza kupima watoto wote wanaozaliwa, kuwatafuta wasio na limfosaiti, na kufikia 2018 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yanafanya hivyo. Sisemi tuanze kesho. Karatasi tunayo, njia ya kuisafirisha hadi maabara tunayo.

Nilipofika hapo mwenyekiti alinionyesha saa, tukaingia kwenye maswali. La kwanza lilitoka kwa muuguzi kijana kutoka wilayani. Alisema, "Daktari, shikamoo. Mimi nina mama kwenye kituo changu, amezika wavulana wawili kwa kifua, na sasa ana mimba. Hao wawili hatukuwapima. Hawana jina la ugonjwa. Hata huko kwenye daftari tutawaandikaje?"

Nikamwuliza kama mama yule ana kadi zao. Akasema anazo, ameziona, ziko pamoja na cheti cha ubatizo.

Nikamwambia: waandike. Tarehe ya kuzaliwa, mwezi mstari ulipolala, tarehe ya kufariki. Kwenye jina la ugonjwa acha wazi. Kisha andika mimba, na tarehe ya matarajio, na namba yako ya simu.

"Ya kwangu mimi?"

Ya kwako. Akaandika kwenye kiganja, maana karatasi alikuwa amempa mwenzake.